Yai Ndani ya Kikombe

Siku Sotvoldi alipowekewa yai moja la kuchemsha, limesimama wima ndani ya kikombe kidogo, pembeni yake kijiko cha chai na ua la waridi, aliizunguka meza kwanza akitafuta chakula. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na maisha yake yote asubuhi ilikuwa na maana moja tu: mayai ya kukaanga kwa mafuta ya mkia wa kondoo, na mkate wa tanuri wa kupangusia kikaango.

"Mama Nozima," akaita, "hili yai limekosa nini mpaka likafungwa?"

"Ndicho kifungua kinywa hicho, Baba Nozima," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Ligonge juu, livue kofia, ule kwa kijiko. Taratibu."

"Yai lina kofia! Mimi yangu uliifua juzi, mpaka leo haijakauka."

"Basi kula, usikae hapo unalionea wivu."

Alikula. Kulivua yai kofia kulimchukua muda mrefu kuliko kulila. Kisha akala mkate mzima, akachungulia chini ya kitambaa cheupe cha meza kuona kama kuna kingine kilichofichwa, akaondoka kwenda kwa wenzake kwenye mkahawa wa chai, ambako kisa cha yai kilisimuliwa mpaka birika likapoa. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua. Lakini mtaa wetu ulikuwa umeshazoea, maana Inobat, mkewe Sotvoldi, hakuanzia kwenye yai.

Inobat alikuwa mtunza maktaba katika ile maktaba ndogo iliyo nyuma ya kiwanda cha hariri, hapa mjini kwetu Margilan. Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, alifungua kitabu au gazeti la picha akatafuta picha moja ya kumtosha siku nzima. Akiipata aliibandika juu ya jiko kwa uji wa unga, akaitazama huku akimenya vitunguu, na jua likifika utosini lazima kitu fulani nyumbani kilikuwa kimeshabadilika. Gazeti alilikata bila huruma, kwa kuwa gazeti, alisema, huzaliwa likijua siku yake ya kufa. Kitabu hakukikata kamwe. Kitabu alikibeba kizima mpaka nyumbani, akakiegemeza kwenye kopo la chumvi, na ndiyo maana vitabu vya mapishi vya maktaba yetu vinanukia bizari kuliko mapishi yenyewe.

Siku ya picha ya bahari, ukuta wa uani ulipakwa rangi ya buluu, pamoja na mlango wa banda la kuku na, kwa bahati mbaya, jogoo. Jogoo yule alitembea na bahari ubavuni mpaka alipobadili manyoya. Siku za riwaya zilikuwa na taabu zaidi. Kuna mwezi alisoma riwaya moja nene ya Kirusi, akawa anakunywa chai kwa jamu, amesimama dirishani, anashusha pumzi.

"Kuna nini?" Sotvoldi akamuuliza. "Nani kafa?"

"Binti wa jenerali."

"Jenerali yupi?"

"Humjui. Wa ukurasa wa katikati."

Sotvoldi akavua kofia, akainua viganja, akamwombea marehemu, akajipangusa uso. Msiba ni msiba, alisema, hata wa watu wasiojulikana.

Kisha ikaja kofia. Inobat aliona gazetini picha ya bibi mzee anavuka barabara katika mji wa ugenini, peke yake, nywele nyeupe, na kichwani amevaa kofia nyekundu pana ya kufunika mabega. Hakulala vizuri. Akachukua mabaki ya atlasi, hariri yetu ya rangi za kukimbizana, akaitia wanga, akaingiza ndani gamba la boksi la viatu, na Jumapili akaingia sokoni nayo.

"Dada Inobat!" muuza figili akapiga kelele. "Hilo sinia umelibeba wewe, au lenyewe limekubeba?"

"Wewe pima figili, acha kupima kichwa changu."

Watu wa mtaa wetu wana tabia moja mbaya: kitu kizuri hukicheka kwanza, halafu huja kukiomba. Vuli ilipofika, wanawake waliocheka zaidi sokoni walikuwa wamepita kwake mmoja mmoja, jioni, kuuliza ni boksi la viatu vya nani linalofaa. Mimi sisemi kwamba Inobat hakuwa anachosha. Ukienda kwake kuazima kiberiti, unaambiwa kwanza jinsi rangi ya shali yako inavyogombana na uso wako. Lakini pia unatoka na shali yake mwenyewe, na ukijitazama kwenye kioo unaona alisema kweli, jambo ambalo linaudhi zaidi.

Aliyekuwa hacheki ni binti yake. Nozima alifundisha hesabu shule ya msingi, msichana wa mistari iliyonyooka, aliyepanga hata vijiko kwa urefu. Alipokuwa mdogo alikuwa wa kwanza kukimbilia jikoni kuona picha ya leo. Kisha akakua, akaanza kwenda na kurudi shule na wenziwe, akasikia wanavyomwita "mtoto wa sinia," akanyamaza. Inobat aliuona ule ukimya. Alidhani ni hesabu.

Mchumba alipatikana maktabani. Qobil, daktari wa mifugo, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, alikuja kuazima kitabu cha magonjwa ya kondoo siku ambayo Nozima alikuwa amekuja kumsaidia mama yake. Kitabu hicho kilikuwa kimoja tu. Qobil alikiazima, akakirudisha, akakiazima tena, akakirudisha tena, mpaka Inobat akaogopa kwamba kondoo wote wa bonde hili wanakwisha. Sotvoldi ndiye aliyemfungua macho: "Mama Nozima, unasoma vitabu vyote hivyo, lakini hiki kilicho wazi mbele yako hukioni?"

Mambo yakaenda yanavyokwenda. Habari ikaletwa kwamba Jumapili mama yake Qobil angekuja kwa posa. Mama huyo ni Mashhura, na kwa asiyemjua Mashhura niseme tu kwamba hata kuku wake hutembea kwa mstari. Uwanja wake unafagiwa alfajiri, na tena baada ya alfajiri kufagiwa nyayo za mfagiaji. Posa tatu alikuwa ameshazivunja: moja kwa sababu ya buibui darini, moja kwa sababu ya chai iliyomiminwa mpaka ukingoni, na ya tatu hakuwahi kuieleza.

Ijumaa akafika Tursunoy, dada mkubwa wa Sotvoldi, kuja kusimamia nyumba. Alisimama mlangoni mwa jikoni akaona picha ya siku, na ya jana, na ya juzi, mpaka dirishani.

"Wifi," akasema, "mimi nakupenda. Lakini Mashhura akiyaona haya, atatoka hapa bila kugusa chai. Atasema binti amelelewa kwenye kioski cha magazeti."

"Ni picha tu, wifi. Zina ubaya gani?"

"Zina ubaya wa kuwa nyingi. Bandua zote. Na lile sinia lako pia. Zifiche mahali ambapo hata mimi sizioni."

Inobat alimgeukia binti yake akitegemea kutetewa, angalau kwa nusu. Nozima alikuwa anapanga vikombe. Hakuinua macho.

"Mama," akasema, "kwa siku moja tu. Uwe kama mama wa watu, wa kawaida."

Halikuwa tusi. Lilisemwa kwa upole, na hapo ndipo lilipouma. Inobat akasema sawa, mwanangu, akachukua kisu cha kupakia siagi, akaanza kuzibandua picha ukutani moja baada ya nyingine, polepole zisichanike. Alijiambia kwamba moshi wa jiko ndio unaomtoa machozi, ingawa jiko lilikuwa limezimwa. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo akiamini kwamba anamfurahisha mtoto. Sasa alijua kwamba mtoto alikuwa anamvumilia, na kama Jumapili ingeharibika, ingeharibika kwa sababu yake yeye, Inobat, na Nozima asingemlaumu hata kidogo, angenyamaza tu zaidi.

Akatafuta mahali pa kuficha. Kabatini, Mashhura angefungua. Chini ya kitanda, Mashhura angefagia. Lakini kila nyumba ya kwetu ina shubaka ukutani, na ndani ya shubaka mna sanduku, na juu ya sanduku imepangwa mifarishi ya pamba mpaka karibu na dari, ya kukalia na ya kulalia. Mgeni wa posa akiingia, kabla hajamtazama binti, huitazama mifarishi. Huitazama tu. Anayetandikiwa hutandikiwa ile ya juu. Ile ya katikati haiguswi mpaka kuwe na harusi au kilio. Inobat akazilaza picha zake kwenye mikunjo ya mifarishi ya katikati, tabaka kwa tabaka, akaupanga mlima upya, akarudi nyuma kuutazama. Ulikuwa umenyooka. Kofia akaitia kwenye pipa la unga.

Jumapili alivaa atlasi ya kawaida na shali nyeupe. Alisimama mlangoni ameunganisha mikono tumboni. Sotvoldi, ambaye siku ya posa hana kazi ila kutoonekana, alimpita akielekea uani, akarudi kumtazama tena.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Nenda zako, Baba Nozima."

Wageni wakafika. Mashhura mbele, mdogo wake nyuma amebeba mikate ya posa ndani ya kitambaa, na nyuma yao, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, mama mkwe wake Mashhura, Bibi Hojar, kikongwe wa nyonga mbovu aliyekuwa amekataa katakata kubaki nyumbani na kuku.

Mashhura alitazama dari. Hakuna buibui. Akatazama chai ya Nozima. Imemiminwa nusu kikombe, kama inavyotakiwa kwa mgeni unayetaka akae. Akautazama mlima wa mifarishi, na kitu fulani usoni mwake kikalegea kidogo. Inobat aliingia jikoni kuchukua birika la pili, miguu nyepesi, akianza kuamini.

Nako chumbani Bibi Hojar alikuwa anajaribu kuketi. Alishuka nusu, nyonga ikakataa, akapanda tena.

"Bibi hawezi kukaa chini chini!" akasema Tursunoy, kwa sauti ya mwenye nyumba. "Bibi atakaa juu, kama malkia! Subiri, nikutandikie ile ya mahameli!"

Mfarishi wa mahameli, mwekundu, ulikuwa katikati. Tursunoy alikuwa ameomba picha zifichwe mahali ambapo hata yeye hazioni, na wifi yake alikuwa ametii. Akashika pindo kwa mikono miwili, akavuta kwa heshima yote aliyokuwa nayo.

Mlima ulifikiri kwanza. Kisha ukaja wote. Pamba ilimfunika Tursunoy mpaka kiunoni, na juu ya pamba zikaanza kunyesha picha: madaraja, mikate, wanawake wenye makoti marefu, farasi, maziwa, viatu, keki yenye ghorofa. Zilishuka bila haraka, zikatua kwenye sahani za zabibu, kwenye vikombe, kwenye bega la Mashhura. Moja ikatua kwenye mapaja ya Bibi Hojar. Ilikuwa imekatwa kwenye gazeti la ufumaji, na ilimwonyesha mwanamume mwenye masharubu, sweta nene mpaka shingoni, na chini yake kaptula fupi sana.

"Huyu ni nani?" Bibi Hojar akauliza.

"Ni... ni sweta, bibi," akasema Tursunoy kutoka kwenye pamba.

"Sweta naiona. Namuuliza aliyemo ndani."

Mashhura aliitoa picha begani kwa ncha za vidole viwili. "Haya ni mambo gani?"

Inobat alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakumwangalia Mashhura. Alimwangalia binti yake, akaona uso ule umekuwa mweupe, akajua anachotakiwa kufanya.

"Karatasi tu," akasema. "Za kuwashia tanuri. Nilisahau kuzitupa."

Akaweka birika chini, akapiga magoti, akaanza kuziokota. Aliziokota ovyo ovyo, kwa kuzikunja, yeye aliyezibandua kwa kisu cha siagi ili zisichanike. Nje ya dirisha ambako Sotvoldi alikuwa haonekani, mtu alikohoa.

"Si za kuwashia tanuri," akasema Nozima.

"Nozima, mimina chai," akasema Tursunoy haraka.

"Si za kuwashia tanuri, shangazi. Ni za mama yangu." Akapiga magoti naye, akaichukua ile iliyokuwa mkononi mwa mama yake, akaikunjua kwenye goti. "Hii ni ya kipupwe kile gesi ilipokatika. Nilikuwa darasa la tatu. Tulikuwa na mkate na kitunguu, basi. Mama akaitoa picha hii, meza ya matajiri na mishumaa, akatandika shuka mezani, akawasha mishumaa, akakichonga kitunguu kikawa ua. Baba alivaa tai."

"Nilivaa," ikasema sauti nje ya dirisha.

"Na farasi huyu anayeruka maji, ni wa siku niliyoanguka mtihani wa chuo. Mama hakusema neno. Alimbandika mbele ya kitanda changu. Nilimchukia farasi huyo mpaka nikaenda kufanya mtihani tena." Akamnyoosha farasi kwa kiganja. "Juzi nilimwambia awe kama mama wa watu. Mimi, niliyelelewa na hizi. Nilikosea, na nilikuwa naogopa, na sasa basi, mmeziona."

Inobat alibaki magotini, midomo imefunguka, ameshika keki ya ghorofa.

"Maneno mazuri, binti yangu," Mashhura akasema mwishowe. "Lakini mwanangu hurudi kutoka mazizini na njaa. Atakula picha?"

"Atakula pilau, mama," akasema Nozima, huku akijifuta macho. "Picha ni ya kutazama pilau inapoiva."

Bibi Hojar hakuwa anasikiliza. Alikuwa amemweka mwanamume wa sweta kando, si mbali sana, na sasa alishikilia picha nyingine karibu kabisa na pua.

"Huyu mwanamke ni rika langu."

"Huenda, bibi," akasema Inobat.

"Na anavuka barabara peke yake, na kofia hiyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Mkaza mwana wake yuko wapi?"

"Hayupo kwenye picha."

Bibi Hojar akamtazama Mashhura. Akaitazama tena picha. "Picha nzuri sana," akasema. "Kofia hii inauzwa wapi?"

Inobat alimwangalia binti yake, na binti yake akatikisa kichwa kukubali. Basi akaenda jikoni, akarudi na kofia, akaikung'uta, na wingu la unga likajaa chumba kizima. Likapungua, na pale juu ya mfarishi wa mahameli Bibi Hojar alikuwa ameivaa juu ya shali yake, nyusi na masharubu yake machache vimekuwa vyeupe, amekaa juu, kama malkia.

"Mama, vua kitu hicho!" akasema Mashhura.

"Chai inapoa," akasema Bibi Hojar. Akavuta kitambaa cha posa, akatoa mkate, akauvunja katikati, akatia kipande mdomoni.

Sasa, mkate wa posa hauvunjwi siku ya kwanza. Huletwa, huwekwa, hutazamwa, na mgeni hurudi nyumbani kufikiri. Ukivunjwa, basi imekwisha, watoto ni wa pande zote mbili. Kama Bibi Hojar alikuwa ameamua, au alikuwa na njaa tu, mpaka leo ni jambo linalobishaniwa mkahawani. Tursunoy hakungoja ubishi. Alitoa mikono yake kwenye pamba akapaaza sauti, "Amina!" kabla mtu hajapata wazo la kuushona mkate ule.

Mashhura akaitikia amina, kwa kuwa asingeweza kufanya vingine. Lakini langoni, alipokuwa anaaga, alimshika Inobat mkono akasema kwa sauti ya chini: "Binti nimempenda, sikufichi. Mimi nampeleka kwangu. Picha zibaki huku."

"Zitabaki," akasema Inobat.

Na zilibaki. Siku ya harusi Nozima aliondoka na mifarishi, mabirika, masanduku na shali, mtaa mzima ukala pilau, na siku iliyofuata nyumba ikawa kubwa. Inobat alifungua gazeti kabla maji hayajachemka, akaona picha nzuri ya bandari yenye ukungu, akalifunga. Hakukuwa tena na mtu wa kuikwepa kwa macho. Ukuta wa juu ya jiko ukabaki na alama za unga tu. Sotvoldi alirudishiwa mayai yake ya kukaanga. Alisimulia mkahawani kwamba yai limetoka kifungoni, na aliposikia hakuna anayecheka, hata yeye mwenyewe hakucheka.

Siku ya wazazi kuitwa kwa mkwe ilipofika, Inobat alivaa atlasi ya kawaida na shali nyeupe, asimpe Mashhura neno la kusema. Njiani Sotvoldi alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Wakaingia kwenye ule uwanja uliofagiwa, kuku wakawapisha kwa mstari, na kabla Inobat hajamaliza salamu, Mashhura alimvuta kando nyuma ya mzabibu.

"Mkwe wangu, nina neno."

Inobat akakaza shali.

"Mtoto sina ugomvi naye," Mashhura akanong'ona. "Anaamka mapema, anafagia, mkono wake safi. Lakini leo asubuhi," akatazama nyuma, "nimewekewa yai. Moja. Ndani ya kikombe. Limesimama!"

Inobat alishika mti wa mzabibu. "Na ua?"

"Na ua. Umejuaje?"

"Na kitambaa?"

"Cheupe."

"Kimepigwa pasi?"

Mashhura akafikiri, maana ni mwanamke wa haki. "Kimepigwa pasi," akakiri. "Sasa hilo yai huliwa vipi? Nimelitazama mpaka likapoa. Sikutaka kumuuliza."

"Unaligonga juu," akasema Inobat, "unalivua kofia, unakula kwa kijiko. Taratibu."

Akaenda jikoni bila kungoja kukaribishwa. Juu ya jiko, mahali pake kabisa, palikuwa na picha. Haikuwa ya gazeti, kwa kuwa za gazeti zilikuwa zimekatazwa. Nozima alikuwa ameichora mwenyewe kwa penseli, kwa kumbukumbu, na kwa rula: meza, dirisha, kikombe, mistari yote imenyooka. Hata yai lilikuwa na pembe. Inobat hakuwa ameona maishani mwake yai baya kama lile, na alilitazama mpaka maji ya chai yakachemka nyuma yake. Nje Bibi Hojar alipita dirishani na kofia kichwani, anavuka uwanja peke yake, anatisha kuku.

Nozima akaingia na ndoo. Aliiweka chini, akamtazama mama yake kuanzia shali nyeupe mpaka viatu, na uso wake ukaingia wasiwasi.

"Mama," akasema, "mbona leo umevaa kama mama wa watu? Unaumwa?"

"Siumwi," akasema Inobat, akaketi juu ya gunia la mchele. Kwenye uwanja Sotvoldi alikuwa anamuuliza Mashhura, kwa adabu zote, kama mayai ya kukaanga nayo yapo.